Art Smith: Sonara Aliyeipa Shaba Hadhi

Mafundi wanaoyeyusha kufuli kuukuu na mifereji mibovu ili kupata shaba ya bangili na herini wanalijua vyema lalamiko la mteja anayesikia bei: kwani hii si shaba tu? Sonara mmoja mweusi wa jijini New York, Marekani, alitumia shaba hiyohiyo tangu miaka ya 1940, na kazi zake leo zimehifadhiwa katika makumbusho.

Arthur Smith, aliyejulikana zaidi kama Art Smith, alizaliwa Cuba mwaka wa 1917, wazazi wake wakiwa Wajamaika. Familia ilihamia Brooklyn mwaka wa 1920. Alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Cooper Union, ambako wanafunzi weusi walihesabika kwa vidole. Washauri wake walimsukuma asomee usanifu wa majengo, kwa hoja kwamba angepata kazi serikalini. Hesabu zikamshinda, akahamia uchongaji na kuhitimu mwaka wa 1940. Ukitazama kazi zake, utaona hesabu zilifanya vyema kumshinda.

Usonara aliupata katika masomo ya jioni na kwa kufanya kazi chini ya Winifred Mason, mwanamke mweusi aliyekuwa na karakana mtaani Greenwich Village. Mwaka wa 1946 alifungua duka lake katika barabara ya Cornelia, mtaa huohuo. Ubaguzi wa rangi ulimwandama hapo hadi duka likaharibiwa. Akafungasha vifaa vyake na kuhamia nambari 140, West Fourth Street, karibu na bustani ya Washington Square, na huko ndiko jina lake lilikokua.

Mtindo wake ulitokana na wazo moja: pambo halijakamilika mpaka livaliwe. Mkufu wa Smith ukiwa mezani unaweza kudhaniwa ni waya uliopindwa. Ukivaliwa, waya huo huzunguka shingo, hushuka kifuani na kuacha nafasi ambazo ngozi yenyewe huzijaza. Kwake, mwili na hewa vilikuwa sehemu ya malighafi sawa na chuma. Bangili aliyoiita "Lava", ya takriban mwaka wa 1946, ina vipande vya shaba nyekundu na shaba ya manjano vilivyolaliana, vikifunika mkono juu ya kiganja mithili ya mtiririko wa volkano.

Kwa nini shaba? Kwanza ni bei. Pambo la ukubwa huo lingekuwa la dhahabu, wanunuzi wake wangekuwa matajiri pekee, nao wangelemewa na uzito. Sababu nyingine imo katika chuma chenyewe. Shaba ikipashwa moto hulainika na kukubali kupindwa. Ikipigwa nyundo hukakamaa. Kwa hiyo bangili pana iliyofuliwa vizuri hunyumbuka kidogo inapovaliwa, kisha huukamata mkono bila kifungio chochote.

Jukwaa nalo lilichangia. Smith aliwatengenezea mapambo wacheza densi, wakiwemo Talley Beatty na Pearl Primus. Pambo la jukwaani lazima lionekane na aliyeketi safu ya nyuma, na lisimzuie mchezaji kuinua bega. Hata mikufu aliyowauzia wateja wa kawaida dukani ina ukubwa na wepesi huo.

Wateja walikuja wa kila aina. Mwanamuziki Duke Ellington alitengenezewa vifungo vya mikono ya shati vyenye noti za wimbo wake "Mood Indigo", na Eleanor Roosevelt, mke wa aliyekuwa Rais wa Marekani, alitengenezewa pambo la kubandika kifuani. Majarida ya Vogue na Harper's Bazaar yalichapisha picha za kazi zake katika miaka ya 1950. Smith aliaga dunia mwaka wa 1982. Mwaka wa 2008, Makumbusho ya Brooklyn yaliandaa maonyesho ya kazi zake.

Walichokuwa wakilipia wateja hao ni umbo, na umbo ndilo huibwa kwa urahisi zaidi: fundi hupeleka bangili mpya sokoni, na muda si mrefu meza ya jirani ina kumi zinazofanana nayo. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001 inamruhusu mbunifu kusajili muundo mpya wa bidhaa katika taasisi ya KIPI, jijini Nairobi. Ombi huambatanishwa na michoro au picha za muundo wenyewe. Usajili hudumu miaka 5 na unaweza kuongezwa mara mbili, hivyo kufikia miaka 15. Kinacholindwa ni mwonekano wa pambo. Shaba, nyundo na ufundi wa kufua hubaki huru kwa kila mtu.