Redio ya Ughaibuni, Umeme wa Nyumbani

Sisi wa pwani tumezoea redio za Oman na Dubai, ambazo umeme wake wakaribiana na wetu. Ndugu zetu wa Kisii na Nyamira wana mtihani mwingine. Jamaa zao wengi wako Marekani, hasa Minnesota, na zawadi ya amplifaya ya kusikilizia Qur'ani na mawaidha hutoka huko. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 240. Chombo cha huko kikichomekwa ukutani hupata nguvu maradufu: huungua, na huweza kuwasha moto watoto wamelala.

Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi umeme. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, adapta yatosha. Kikiandikwa 120V pekee, tafuta transfoma ya kupunguza umeme, yenye wati kuzidi za chombo. Lakini transfoma haigeuzi mapigo ya umeme, 60 kwa sekunde kwao na 50 kwetu. Hivyo baadhi ya mashine kuukuu za santuri huzunguka polepole, sauti ikawa nzito.

Bora zaidi, mwambie mwanao akisome kibandiko kabla hajalipa. Mali ni amana, na nyumba ni amana kubwa zaidi.