Fungate ya Bujumbura: ziwa lipo, viboko wapo, mafuta yako wapi?

Anayeuza safari za maharusi Bujumbura hupiga simu mbili kabla hajampigia mteja. Ya kwanza ni ya mtu wa mafuta, ya pili ni ya mtu wa dola. Wakipokea wote wawili, safari ipo. Akikosekana mmoja, maharusi hupelekwa ufukweni, wakaagiziwa samaki wa mukeke wa kuchoma na kuambiwa kwa upole kwamba ratiba imebadilika.

"Nauza ziwa, nauza milima, nauza wanyama," anasema mfanyabiashara mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja, si mbali na lilipokuwa soko kuu lililoungua Januari 2013. Hataki jina lake liandikwe kwa sababu, kwa maneno yake, mafuta yake mengine hayana risiti. "Lakini riziki yangu haitoki kwenye ziwa. Inatoka kwenye esanse, yaani petroli, niliyoipata na bei niliyobadilishia dola. Hiyo ndiyo kazi, kaka yangu. Viboko ni pambo tu."

Bidhaa anayoiuza si ngeni. Afrika Kusini imeiuza kwa miaka mingi: wawili wanakaa siku chache Cape Town karibu na bahari, wanaonja mvinyo kwenye mashamba ya Stellenbosch, kisha wanapanda ndege kwenda kutazama wanyama Kruger. Mji wa maji, nchi ya kinywaji, mbuga. Bujumbura inajaribu kuushona mshono huo kwa kitambaa chake. Badala ya bahari ina Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, lenye mchanga, mawimbi na jua linalozama nyuma ya milima ya Kongo. Badala ya zabibu ina kahawa ya Kayanza na Ngozi, chai ya Teza na Rwegura, na urwarwa, pombe ya ndizi ambayo baadhi ya waongoza wageni sasa wanaiita mvinyo bila kupepesa jicho. Badala ya Kruger ina viboko na mamba wa Rusizi, nyati wa Ruvubu na sokwe wa msitu wa Kibira.

Kwa umbali, Bujumbura haina wa kuionea wivu. Mdomo wa mto Rusizi uko kilomita kama 15 kutoka katikati ya mji. Gitega, penye njia ya kwenda kwenye ngoma za Gishora, ni kilomita kama 100, na Kayanza haizidi hapo. Kwenye karatasi, wawili wanaweza kunywa chai wakitazama ziwa, kula mchana katikati ya mibuni, na kurudi kulala kwenye shuka zile zile. Mgeni wa Cape Town anayetaka Kruger hana budi kukata tiketi nyingine ya ndege au kuendesha gari siku mbili.

Tatizo ni kwamba karatasi haitumii mafuta.

Safari iliyofupishwa na tangi

Uhaba wa mafuta umekuwa sehemu ya maisha ya mji huu kwa miaka kadhaa sasa, na mwaka 2024 ulifika mahali ambapo magari yalilala vituoni siku nyingi, madereva wakila na kuoga kwa zamu. Wasomaji hawahitaji kuelezwa. Kinachozungumzwa kidogo ni jinsi uhaba huo ulivyoichora upya ramani ya utalii wa wawili.

Hesabu ya mfanyabiashara wetu ni hii. Kwenda Ruvubu na kurudi ni zaidi ya kilomita 300, kabla gari halijazunguka ndani ya hifadhi. Gari la kuhimili njia hizo hunywa lita 13 hadi 15 kwa kila kilomita 100. Hayo ni madumu mawili ya lita 20 na kidogo juu. Akipata mafuta ya kituoni, safari ina faida. Akinunua ya magendo, yanayoingia kwa madumu kutoka Tanzania au ng'ambo ya Kongo kwa bei ya mara kadhaa ya ile rasmi, faida imekwisha kabla gari halijapanda mlima wa Bugarama. Na hawezi kumwongezea mteja bei, kwa sababu mteja alilipa miezi miwili kabla, akiwa Brussels au Montreal, kwa bei iliyoandikwa kwenye simu.

"Julai iliyopita nilikuwa na wawili, wamefunga ndoa Jumamosi, safari yao ni Jumatatu," anasimulia. "Dereva amekaa foleni tangu Ijumaa. Jumatatu asubuhi bado amebakiwa na magari kumi na tisa mbele yake, na bomba limekauka. Nikawapeleka Rusizi kwa teksi ya rafiki yangu. Wakaona viboko wanne na mamba mmoja. Bibi harusi akaniuliza, mama, nyati wako wapi? Nikamwambia nyati wamesafiri. Wakacheka. Lakini nilirudisha pesa, na sikurudishiwa na mtu."

Malalamiko yake makubwa hayako kwenye uhaba wenyewe. Yako kwenye mpangilio wa foleni. Anadai kwamba magari ya ofisi kubwa na ya mashirika hupata mafuta kwa njia zao, wakati anayeleta fedha za kigeni nchini anapangwa nyuma ya pikipiki. "Wanasema utalii ni kipaumbele. Basi kipaumbele kinipe lita 40." Sentensi hiyo aliirudia mara tatu katika mazungumzo ya saa moja. Wenzake wawili katika biashara hiyo hiyo waliithibitisha kwa kutikisa kichwa, ingawa mmoja alikiri kwamba yeye ana shemeji kituoni.

Matokeo yanaonekana kwenye vipeperushi vyao. Ruvubu, hifadhi kubwa kuliko zote nchini, imehamia mstari wa mwisho na nyota ndogo ya "kulingana na hali". Maporomoko ya Karera, kule kusini mashariki, nayo yana nyota yake, na vivyo hivyo piramidi ndogo ya chanzo cha Naili huko Rutovu, iliyojengwa 1938. Kibira haitajwi kabisa na baadhi yao, kwa sababu za usalama ambazo kila mmoja anazijua na hakuna anayetaka kuziandika. Kinachobaki ni Rusizi na hadithi ya Gustave, mamba aliyevuma duniani miaka ya 2000 hata akatengenezewa filamu. Gustave hajaonekana siku nyingi, lakini bado anauza.

Harusi moja, bei mbili

Simu ya pili, ya mtu wa dola, ni ngumu zaidi kueleza lakini ndiyo yenye pesa.

Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, dola ikaruka kwa kiwango rasmi kutoka kama faranga 2,100 hadi kama 2,800. Matumaini yalikuwa kwamba bei ya benki na bei ya mtaani zingekutana. Hazikukutana. Katika miaka ya 2024 na 2025 dola ya benki ilibaki chini ya faranga 3,000, ya mtaani ikapita mara mbili yake.

Tuchukue mfano wa mezani. Chakula cha wawili kimeandikwa faranga 120,000. Mgeni akilipa kwa kadi, benki yake itahesabu kwa kiwango rasmi: dola 40 na ushei. Jirani yake wa meza ya pili, aliyekuja na noti na kuzibadilisha kwa rafiki wa rafiki, amekula mukeke ule ule kwa chini ya dola 20. Wa kwanza ataondoka akisema Bujumbura ni ghali kama Ulaya. Wa pili atasema ni rahisi kuliko Kigoma. Wote wanasema kweli.

Hotelini mambo yanaingia utata mwingine. Mgeni asiye mkazi hutakiwa kulipia chumba kwa fedha za kigeni, devizi kama watu wa hapa wanavyoziita, na mwenyeji hulipa kwa faranga. Sasa msimu wa Juni hadi Agosti, ambao ndio msimu wa harusi na wa watu wa ng'ambo kurudi nyumbani, huleta wateja wa aina moja hasa: bwana harusi ana pasi ya Ubelgiji au Kanada, bibi harusi ana kitambulisho cha hapa mjini, cha Buyenzi au Ngagara. Chumba ni cha nani? Wauzaji watatu tuliozungumza nao walitoa jibu moja bila kushauriana: chumba kinaandikwa kwa jina la bibi harusi.

Hapo ndipo muuzaji wa safari anapopata chake. Anapokea dola kutoka ng'ambo, analipa faranga hapa, na kilicho katikati ndicho mshahara wake. Kwa maana hiyo, pengo la bei mbili linaloilemaza nchi ndilo linaloiweka ofisi yake wazi. Alipoulizwa kama angefurahi viwango viwili vikiunganishwa kesho, alinyamaza, akamwita kijana alete chai.

Takwimu na makapu ya ndagala

Upande wa serikali picha ni nyingine. Afisa mmoja anayehusika na sekta hii, ambaye naye hakutaka kutajwa, anasema wageni wanaongezeka na kwamba utalii ni mojawapo ya nguzo za dira ya kuifanya Burundi nchi inayoibukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Alitaja idadi kubwa ya walioingia nchini, kwa kujiamini, na kuirudia. Alipoombwa karatasi yenye idadi hiyo alisema inapitiwa. Kwa hiyo hatuichapi.

Lakini namna idadi hizo zinavyopatikana inastahili kuelezwa. Hesabu, kwa maelezo yake, huanzia kwenye muhuri wa mpakani: Kobero na Mugina upande wa Tanzania, Gatumba upande wa Kongo, na uwanja wa ndege. Mpaka wa Gatumba umezoea kupitwa na wachuuzi wa Uvira wanaokuja asubuhi na kurudi jioni. Je, mama mwenye kapu la ndagala, yaani dagaa, ni mtalii? Afisa alisema suala hilo ni la wataalamu. Na waliolala hotelini usiku mmoja ni wangapi? Hilo nalo ni la wataalamu. Wenye hoteli za ufukweni wanahesabu kwa kipimo chao, cha shuka zilizofuliwa, na kwa kipimo hicho hakuna aliyetuambia kwamba anaelemewa.

Kuna mambo ambayo afisa hakuyapinga. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulifungwa tena Januari 2024, na kwa kufungwa huko safari moja iliyokuwa ikiuzika vizuri ilikufa: wawili wanaotazama gorila Rwanda kwa kibali cha dola 1,500 kila mmoja, kisha wanashuka Bujumbura kupumzisha miguu ziwani. Burundi haimo pia katika viza ya pamoja ya watalii ambayo Kenya, Uganda na Rwanda ziliianzisha 2014. Vita vya mashariki mwa Kongo vimewapunguza wateja wa Bukavu na Uvira, waliokuwa wakija kumaliza wiki ufukweni na kulipa taslimu.

Ngoma nazo zina bei yake. Zimo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tangu 2014, na kila bwana harusi wa ng'ambo anazitaka. Amri ya 2017 iliziwekea kibali, ada ya faranga 500,000 na sharti kwamba wanawake wasipige. Wauzaji wengine hukwepa yote hayo kwa kuwapeleka wageni Gishora, ngoma zilipo kwao. Lakini Gishora iko Gitega, na Gitega inataka mafuta. Tunarudi foleni.

Ziwa lenyewe halitabiriki

Hata kipande cha uhakika, yaani ufukwe, kimeyumba. Tanganyika ilifurika 2020 na 2021, ikafurika tena 2024, ikameza fukwe, bustani za hoteli na mitaa ya Gatumba. Mwenye ukumbi mmoja wa harusi anasema alijenga ukuta mara mbili na maji yakaupita mara mbili. Safari hii ameweka viti vya plastiki tu, vinavyobebeka. Barabara ya kusini kuelekea Rumonge, ambako mchanga ni mzuri na kelele ni chache, hupita Gitaza, pale mlima uliposhuka 2015, na wenye magari huiogopa msimu wa mvua.

Ndiyo maana wauzaji hao hao, wakikaa vizuri, wanakuonyesha kipeperushi cha pili. Hicho kina Zanzibar. Kina pia Kigoma na boti ya kwenda Gombe kwa sokwe. Tanzania ina kila kipande cha mshono ule: bahari, mbuga, na hata zabibu za Dodoma zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, ambako tangu Julai 2024 treni ya umeme hufika kutoka Dar es Salaam. Kwa mwenye pesa wa mitaa ya Kiriri au Rohero, fungate ya Unguja ina faida moja kubwa: gari litakalompokea lina mafuta.

Je, biashara hii itainuka? Afisa anasema ndiyo, akitaja reli itakayotoka Uvinza hadi Musongati. Huenda. Reli hiyo inajengwa kwa ajili ya madini, na maharusi watapanda kama kutakuwa na behewa lao. Viwango vya fedha vikikaribiana, mgeni wa kadi ataacha kuadhibiwa, na muuzaji itabidi atafute faida kwenye safari yenyewe, kazi ambayo wengi wao hawajaifanya kwa miaka. Mafuta yakitulia kwa msimu mmoja mzima, Ruvubu inaweza kurudi juu ya kipeperushi. Hayo ni "kama" matatu, na hakuna hata moja lililo mikononi mwa anayeuza.

Mfanyabiashara wetu haulizi mengi. Kwa sasa amebuni bidhaa mpya isiyohitaji gari: meza ya wawili ufukweni jioni, na subira. Giza likiingia, viboko hutoka majini wenyewe kutafuta nyasi, wakati mwingine hadi kando ya barabara ya mjini. "Hao," anasema, "hawana foleni."