Baridi ya Julai: Tusifunge Mlango na Jiko Ndani



Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi hapa Nairobi. Sisi tunaotembelea nyumba za Kibera na Kawangware huona jambo moja kila mwaka. Watu wakishapika, jiko la makaa halitolewi nje. Nyufa za mabati zinazibwa kwa matambara, mlango unafungwa, watu wanalala.

Tukikataza, akina mama hutuuliza, "Sasa watoto walale na baridi?" Swali ni la haki, kwa hivyo tuelezane.

Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Makaa mekundu, yasiyo na moshi, ndiyo yanayotudanganya. Gesi hii huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu, anatapika, analegea. Aliyelala huenda asiamke kamwe.

Kule mashambani wengi tulizoea nyumba ya kupikia iliyo kando. Hapa mjini chumba ni kimoja tu: ndimo tunamopika, ndimo tunamolala.

Basi tufanye hivi:

1. Tupike mlango ukiwa wazi, na jiko litoke kabla ya kulala. Ukiogopa wezi, lizime nje kwa maji. Makaa utayaanika kesho.

2. Baridi nyingi hutoka chini. Tandika kadibodi au magunia makavu chini ya godoro. Mvishe mtoto nguo mbili tatu nyepesi, na kofia akiwa nje. Sweta za mitumba ziko soko la Toi.

3. Chama kinaweza kubadilisha mzunguko mwezi wa Mei: mwenye zamu apewe blanketi badala ya pesa.

Ukikuta mtu amezidiwa na gesi, fungua mlango, mtoe nje upesi, mkimbize hospitali. Usipoteze wakati ukimnywesha maziwa. Hayaitoi gesi hii.

Tena, moshi na msongamano huwaletea watoto nimonia. Mtoto akikohoa, mwangalie kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi. Na kadi ya kliniki iangaliwe: chanjo ya kukinga aina moja ya nimonia hutolewa nchini tangu 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aulizwe: jana usiku jiko lako lililala wapi? Tukiulizana bila kuoneana haya, tutaokoana.