Bujumbura: Ulizia shule kabla ya kulipia nyumba

Mfanyabiashara anayehamia Bujumbura huanza kutafuta nyumba kwa kutazama soko. Mwenye vitenge na vipuri hutaka kukaa karibu na Ruvumera, Buyenzi. Anayepokea mzigo kutoka mpaka wa Kobero hupenda Kamenge au Ngagara, upande wa kaskazini. Wa Uvira hutazama Gatumba, na wa Kigoma hutazama Kanyosha, kwenye barabara ya Rumonge. Komisioneri humtembeza, kodi ya miezi kadhaa hulipwa kwa mkupuo, na vyombo vinaingia ndani. Swali la shule huja wiki ya pili, wakati fedha imekwisha kulala kwa mwenye nyumba.

Kosa hilo lina gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Chukua mfano wa mama wa Kigoma mwenye watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la tano. Wote wamesomeshwa kwa Kiswahili. Burundi miaka minne ya kwanza hufundishwa kwa Kirundi, na kuanzia mwaka wa tano masomo huingia kwenye Kifaransa. Yule mdogo atakiokota Kirundi akicheza na wenzake, kisha atakikuta Kifaransa pamoja na darasa zima. Mkubwa ataangukia hesabu na sayansi kwa lugha ambayo hajawahi kuisoma. Mtoto wa Uvira wa umri uleule ana nafuu, maana shule za Kongo nazo hutumia Kifaransa.

Hapo ndipo Buyenzi huwapotosha wengi. Ni mtaa wa zamani wa Waswahili, wenye misikiti na madrasa, na mgeni wa Kigoma, Mombasa au Bukavu hujiona yuko nyumbani. Lakini mtaa kuzungumza Kiswahili si sawa na darasa kufundisha kwa Kiswahili. Ni kweli shule za Burundi hufundisha lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili ni somo moja tu, na haliwezi kuyabeba mengine. Faida ya Buyenzi ni jirani atakayemweleza mtoto kazi ya nyumbani kwa lugha anayoielewa. Faida hiyo si ndogo, ila mzazi ajue ndiyo anayoilipia.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa masomo Burundi huanza Septemba, kama Kongo. Tanzania na Kenya huanza Januari. Mtoto anayevuka mpaka baada ya Krismasi huwakuta wenzake katikati ya mwaka. Mwenye nafasi ya kuchagua ahamie Julai au Agosti, mkononi akiwa na cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule alikotoka.

La tatu ni saa. Shule nyingi za umma jijini hugawa wanafunzi zamu mbili, wengine asubuhi, wengine mchana. Mtoto wa zamu ya asubuhi huwa huru mapema, wakati mama yuko sokoni au njiani kwenda Kobero. Nani atampokea? Nyumba iliyo karibu na shangazi na shule inaweza kuwa bora kuliko nyumba nzuri iliyo karibu na ghala.

Usafiri nao uingie kwenye hesabu. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji, na uhaba wa mafuta umewafanya abiria wa mabasi kupanga foleni ndefu. Mtoto wa miaka saba hawezi kugombania basi jioni. Kwa hiyo nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na shule huenda si nafuu. Mfanyabiashara apige hesabu kama anavyopigia mzigo: kodi ya nyumba, jumlisha nauli ya mtoto ya siku tano kwa wiki, jumlisha minervali ikiwa shule ni ya binafsi. Ada ya shule za msingi za umma ilifutwa mwaka 2005, ingawa sare na madaftari hubaki juu ya mzazi.

Kwa wanaoitazama Gatumba kuna jambo la ziada. Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika viliufurika mji huo mwaka 2020 na tena 2024. Aende akatazame alama za maji ukutani, kwenye nyumba na kwenye shule pia.

Kununua kunahitaji subira zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Kupanga mwaka mmoja kwanza, mtoto akiwa darasani, humwonyesha mzazi kama mtaa unamfaa.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi asimame kwenye lango la shule saa ya kupishana zamu. Ahesabu dakika za kutembea hadi nyumbani. Kisha amuulize mwalimu mkuu mambo matatu: nafasi ipo darasa lipi, mtoto atakuwa zamu ipi, na shule inafika mwaka wa tisa au inaishia njiani? Tangu mageuzi yaliyoanza 2013, elimu ya msingi Burundi ni ya miaka tisa.

Majibu huenda yakamwambia mama wa Kigoma jambo gumu: amlete mdogo, na mkubwa abaki kwa bibi hadi amalize shule ya msingi. Hakuna mama apendaye kuwatenganisha watoto. Ila ni afadhali alijue hilo akiwa bado na fedha mkononi, kuliko kulijua mkubwa akiwa amenyamaza darasani muhula mzima.