Mchezo wa mezani wenye somo kwa watu wa Mto Tana

Katika drafti, ludo au karata, furaha yako ni kilio cha mwenzako. Lakini, msomaji, iko michezo ya mezani ambayo wachezaji wote huwa upande mmoja na adui wao ni maji. Wakishinda wameshinda wote, wakishindwa wamezama wote.

Mmojawapo ni Pandemic: Rising Tide, uliotungwa na Matt Leacock wa Marekani na Jeroen Doumen wa Uholanzi na kutolewa mwaka 2017. Ubao wake ni ramani ya Uholanzi, nchi ambayo karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Kila mchezaji ana ujuzi wake na nafasi nne za kutenda kila zamu: kujenga kingo, kupiga maji pampu, kusafiri au kumpa mwenzake karata. Wakati huo kingo zinabomoka na maji yanapanda. Hakuna awezaye kuziba kila pengo peke yake, hivyo hulazimika kuulizana: pabaya zaidi ni wapi, na nani yuko karibu? Waholanzi wanalijua swali hilo vyema. Mafuriko ya Februari 1953 yaliua watu 1,836 nchini mwao.

Sasa badilisha ubao. Badala ya Uholanzi weka Mto Tana. Juu yako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Chini uko mji wa Garissa. Mvua ikizidi milimani na mabwawa yakajaa, maji huwafikia watu wa Garissa hata kama kwao jua linawaka. Aprili 2024 barabara ya Nairobi ilifunikwa na maji karibu na Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na mashua moja ikazama na kuua abiria.

MBU WALIONGOJA

Maji yakishatulia, hatari nyingine huanza. Kuna mbu ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi, mengine yakiwa tayari yana virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Mabonde yakifurika, mayai huanguliwa. Mbu huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mifugo huharibu mimba na wachanga hufa. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, au zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa anapochinjwa au kuzalishwa.

Wengi huugua homa, kichwa na maumivu ya misuli, kisha hupona. Wachache hutokwa na damu, huharibikiwa na macho au huvimba ubongo, na baadhi yao hufa. Baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, watafiti walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee.

KARATA ILIYOCHELEWA

Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani waliokuwa wakitazama joto la bahari na majani ya nchi kavu kwa setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa kabla ya ugonjwa kurudi. Wafugaji nao walikuwa na elimu yao: Wasomali wa kaskazini mashariki wanaujua ugonjwa huu kwa jina la sandik, yaani damu ya puani, na waliona mvua na wingi wa mbu usio wa kawaida. Hata hivyo, chanjo ya mifugo ilianza baada ya watu kuugua.

Hapo ndipo palipo uzito wa jambo. Chanjo ya mifugo ni karata ya kuchezwa mapema. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuwa ndiyo inayousambaza. Onyo lilikuwa mkono mmoja na chanjo mkono mwingine, na mikono hiyo haikukutana kwa wakati.

Wala usidhani hili ni la Garissa tu. Soko lake la mifugo hulisha miji mingi. Katika mlipuko ule lilifungwa, na wakazi wa Nairobi wakaogopa nyama.

CHEZENI NYUMBANI

Huhitaji kununua mchezo ghali. Chora mto kwenye karatasi, tafuta dadu na punje tatu za maharagwe. Wachezaji wanne wawe mhandisi wa bwawa, mfugaji, daktari wa mifugo na muuguzi. Andikeni kazi sita: kutangaza onyo, kuchanja mifugo, kugawa vyandarua, kusafisha maji ya kunywa, kuhamishia familia mahali pa juu, na kujaza dawa zahanati. Kila raundi kundi zima linaruhusiwa kazi moja tu, na chanjo huchukua raundi mbili. Kisha rusheni dadu. Ikija tatu au zaidi, wekeni punje mtoni. Punje ya tatu ikiingia, mto umevunja kingo. Hesabuni kazi zilizobaki: hayo ndiyo magonjwa yenu. Mtaona jinsi mabishano yanavyokula muda.

Na nje ya mchezo, shika haya:

- Chemsha maziwa, na upike nyama hadi iive kabisa.
- Usichinje wala usile mnyama mgonjwa, na usiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu.
- Lala ndani ya chandarua, na uchemshe maji au uyatie dawa, kwa maana kipindupindu hupenda mafuriko.
- Mifugo wengi wakiharibu mimba kwa pamoja, mjulishe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
- Ukipata homa baada ya mafuriko, nenda hospitali mapema na umweleze daktari kama umegusa mifugo.

Mfugaji akinyamaza, muuguzi hana la kufanya ila kupokea wagonjwa. Neno lako la mapema ndiyo zamu yako; usiipitishe.