Vakansi ya mwalimu na kahie za koperative

Mwezi wa saba umeingia, shule zimefungwa, na walimu wengi wa vijiji wameshika jembe. Katika koperative moja ya upande wa Kabare, Kivu ya Kusini, mwalimu wa shule ya msingi ndiye anaandikaka kahie zote. Mkutano ukiitwa, ni yeye anasoma. Mbegu zikifika, ni yeye anapima na kuandika. Tulimtembelea ili tujue mipango yake ya vakansi kubwa.

Shambani mipango iko wazi. Wiki ya kwanza anajenga lundo la kompositi: majani makavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi na udongo kidogo, kwa tabaka. Analinywesha maji, analifunika na majani ya migomba juu ya jua la kiangazi, na analigeuza mara kwa mara. Likitunzwa vizuri, linaweza kuiva mwezi wa tisa, wakati wa kupanda sezoni A. Chini kwenye bonde, ambako udongo bado una maji, anapanda lengalenga. Tulikubaliana naye: lengalenga inaanza kukatwa nyuma ya wiki tatu ao ine, lakini shu inahitaji miezi miwili na zaidi. Vakansi ni miezi miwili tu, na daftari za watoto zinapaswa kununuliwa mbele ya masomo kuanza.

Mwezi wa tisa saa zinabadilika

Tangu masomo ya msingi kuwa bure mu shule za serikali, mwezi wa tisa 2019, madarasa mengi yamejaa. Shule yake sasa itagawanya siku mara mbili: wamoja asubuhi, wengine nyuma ya saa sita. Yeye amepewa mangaribi. Kwa shamba lake si vibaya, asubuhi atalima. Lakini depo ya koperative inafunguliwa mangaribi, kwa sababu ndipo wanamemba wanatokaka mashambani na mizigo.

Tena, mwezi wa tisa njo koperative inakopesha mbegu za maharagi. Kila memba anachukua kilo zake, na anarudisha nyuma ya mavuno, mwezi wa kumi na mbili ao wa kwanza. Kilo ambayo haikuandikwa siku ilipotoka, nani ataidai miezi tatu nyuma? Hapo ndipo ugomvi unaanzaka, na ugomvi wa namna hiyo unaweza kuua koperative.

Miezi miwili ya kufundisha

Mwalimu hakuomba kuacha kazi. Aliomba wenzake wawili wa kukaa naye: mama mmoja muuzaji wa soko, anayejua hesabu kichwani, na kijana aliyemaliza masomo ya sekondari. Wanajifunza kahie tatu.

- Kahie ya wanamemba: jina, tarehe ya kuingia, sehemu alizolipa. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya 2010, inaomba kila koperative iwe nayo.
- Kahie ya sanduku: feza iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mangaribi wanahesabu feza yenyewe, watu wawili pamoja, na kulinganisha na mustari wa mwisho.
- Fishi ya depo: kila mfuko unaoingia na unaotoka, kwa kilo, na sahihi ya mwenye mfuko. Asiyejua kuandika anaweka kidole.

Mwezi wa saba mwalimu anaandika na wao wanaangalia. Mwezi wa nane wao wanaandika na yeye anasahihisha. Wakikosea, hawafuti: wanapiga mustari mmoja juu ya hesabu mbaya, na kuandika nzuri pembeni, ili kila mtu aone.

Ndugu wanamemba, walimu wetu wametusaidia sana, mara nyingi bila malipo. Lakini mwalimu anaweza kuhamishwa, anaweza kugonjwa, saa zake zinaweza kubadilika. Tunaomba kila komite ijiulize wiki hii: kama mwandishi wetu hayuko kesho, nani atafungua kahie na kuelewa? Kama jina halipatikani, vakansi ingali na siku. Muanze mbele ya mbegu kufika.