Sheria za intaneti ofisini? Zijaribu kwanza

Ofisi yenu ina watu 15 na laini moja ya intaneti. Mmoja akianza kupakua filamu, barua pepe za wateja zinakwama. Dawa si kugombana. Ruta nyingi siku hizi zinakubali sheria: kazi ipewe kipaumbele, wageni wapate waifai yao, mbali na faili za ofisi.

Lakini sheria moja mbovu inaweza kufunga hata mfumo wa malipo, tena mwisho wa mwezi! Hifadhi kwanza mipangilio ya zamani. Mambo yakienda mrama, unairudisha. Jaribu sheria kwa kompyuta mbili tu: tuma faili, piga simu ya video, lipa bili. Kisha ingia kwa waifai ya wageni, utafute faili za ofisi. Zikifunguka, kazi bado.